Msimamizi, Nokoa na Kadamu: Shamba la Kizimbani Katika Historia ya Kiswahili

Mgeni atokaye Mji Mkongwe wa Unguja akaifuata njia ya pwani kwenda kaskazini hupita kwanza magofu ya Maruhubi, kisha ya Mtoni, akafika Bububu. Hapo huiacha bahari nyuma na kupanda taratibu kuelekea Kidichi na Kizimbani. Huko ndiko yaliko mashamba ya kale ya karafuu, na huko ndiko wageni wapelekwako siku hizi kuonyeshwa viungo. Mwenyeji humvunjia mgeni jani la mdalasini anuse, humpasulia tunda la mkungumanga aone basibasi nyekundu iliyoikumbatia kokwa, humkwangulia kipande cha manjano kikampaka rangi vidoleni. Kijana mmoja hupanda mnazi, akaimba akiwa juu, akaangusha madafu. Kisha mgeni huingizwa katika hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka wa 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi. Huelezwa habari za nakshi za chokaa za kiajemi zilizomo ukutani. Akifika Kizimbani huonyeshwa hamamu nyingine isiyo na mapambo, iliyosimama karibu na kituo cha utafiti wa kilimo, kisha hurejeshwa mjini.

Yote aliyoonyeshwa ni ya kweli na ya kupendeza. Hata hivyo, katika matembezi hayo mgeni amekutana na mwenye shamba na amekutana na miti, ila hakukutana na aliyeipanda miti hiyo, akaipalilia, akaichuma. Sababu yake si ya siri. Mwenye shamba alijenga kwa mawe na chokaa. Mfanyakazi alijenga kwa udongo, miti na makuti, na nyumba ya namna hiyo ikikosa mkazi hairithiwi na mtu ila mchwa. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba watu wale hawakuacha athari. Athari yao ipo, na ni pana kuliko hamamu zote mbili, lakini haimo katika ardhi ya Kizimbani. Imo katika lugha isemwayo na wenyeji wanaowatembeza wageni, na isemwayo pia Mombasa, Nakuru na Kisumu na watu ambao hawajapata kuuona mkarafuu maishani mwao.

Yafaa kwanza historia ya mahali penyewe ielezwe kwa ufupi. Mkarafuu si mti wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na miche yake ililetwa Mauritius mwaka wa 1770 kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, kutoka huko ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuwa aliileta ni Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu aliyefanya biashara na visiwa vya Wafaransa, naye aliipanda Mtoni na Kizimbani. Hakuyafaidi matunda ya kazi hiyo kwa muda mrefu, maana mashamba yake yalitwaliwa na Seyyid Said. Said alipoona faida iliyomo, inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye ardhi apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo angenyang'anywa shamba lake. Iwapo amri hiyo ilitolewa kwa maneno hayo au la, matokeo yake yalionekana: upande wa magharibi wa Unguja, wenye udongo wenye rutuba, misitu ilikatwa na mikarafuu ikapandwa kwa safu. Said mwenyewe, alipofariki mwaka wa 1856, anahesabiwa kuwa aliacha mashamba 45.

Mikarafuu ni mali yenye kudai watu wengi. Mche huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na muda huo wote lazima upaliliwe. Ukishaanza kuzaa, vikonyo vyake huchumwa kwa mkono, tena katika siku chache tu kabla ya ua kupasuka. Chumo likichelewa, karafuu hugeuka mpeta na thamani yake hupungua. Baada ya kuchumwa huchambuliwa, karafuu mbali na makonyo mbali, kisha huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, na mvua ikitisha lazima ikusanywe mara moja. Mahitaji ya kazi hiyo ndiyo yaliyoielekeza biashara ya watumwa, ambayo hapo kwanza ilikuwa ikiwapeleka watu zaidi ng'ambo, iwalete kwa maelfu Unguja na Pemba. Wengi walitoka bara ya kusini, upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Wapo waliosema Kiyao, waliosema Kinyanja, Kimakua, Kingindo. Wengine walitoka karibu zaidi, Uzaramoni na Uziguani.

Hapa ndipo mwanaisimu apaswapo kusimama na kutazama. Katika shamba moja walikusanywa watu wa lugha nyingi wasioelewana, wakawekwa chini ya amri moja. Amri hiyo ilitolewa kwa lugha gani? Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka wa 1844 na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka wa 1886, aeleza kwamba ndani ya jumba lile zilisikika lugha nyingi, pamoja na Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kihabeshi, ingawa mbele ya baba yake Kiarabu ndicho kilichotakiwa. Ushahidi wake una thamani kubwa, lakini ni ushahidi wa aliyeketi barazani. Salme alimiliki watumwa, na katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa mbele ya wasomaji wake wa Ulaya. Ya barazani aliyajua vema. Ya kule kwenye safu za mikarafuu aliyasikia kwa mbali. Kule kwenye safu hapakusemwa Kiarabu wala Kiajemi. Palisemwa Kiswahili.

Dalili kubwa ya jambo hili ni majina ya vyeo. Kamusi ya Madan, iliyotoka mwaka wa 1903, yaeleza kwamba shamba kubwa la Unguja lilikuwa na wakuu watatu wa kazi: msimamizi, nokoa na kadamu. Msimamizi alikuwa wa kwanza, nokoa wa pili, kadamu wa tatu, na aghalabu nokoa alikuwa mtumwa mwenyewe. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliyahifadhi maneno hayohayo. Mpangilio huu wafaa kufikiriwa. Mwenye shamba mara nyingi aliishi mjini na kufika shambani kwa msimu. Kati yake na mchumaji walikuwapo watu watatu, na angalau mmojawapo alitoka miongoni mwa wachumaji wenyewe. Mtu huyo alijua lugha ya kwao, alijua Kiswahili, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kugeuza amri iwe kazi. Nokoa, kwa maneno mengine, alikuwa mkalimani na mwalimu wa lugha kabla ya kuwa kitu kingine, ingawa hakuna shule iliyompa cheo hicho.

Katika maneno hayo matatu, moja tu limebaki katika matumizi ya kawaida. Msimamizi leo ni wa mitihani, wa mirathi, wa ujenzi. Na katika idara za vyuo vikuu ni yule aongozaye tasnifu ya mwanafunzi. Pengine ni heri kwa wahadhiri kwamba wanafunzi wao hawaijui kamusi ya Madan. Nokoa na kadamu walikufa pamoja na kazi yao, na hapana budi kusema kwamba kupotea kwa maneno hayo kumeiondolea jamii njia ya kukumbuka jinsi utawala wa shamba ulivyokuwa. Lililosalia, msimamizi, limesafishwa likawa la ofisini.

Maneno mengine hayakusafishwa. Watu walioletwa karibuni, ambao hawakujua lugha wala desturi za pwani, waliitwa wajinga, na kamusi za karne ya 19 zalitumia neno hilo kwa mtumwa mgeni waziwazi. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na kati ya mjinga na mzalia palikuwa na umbali mkubwa wa heshima, ingawa wote wawili walikuwa mali ya mtu. Tofauti yao ya kwanza ilikuwa lugha. Kwa hiyo mtumwa alikuwa na sababu nzito ya kujifunza Kiswahili, wala haikuwa mapenzi ya fasihi: kila neno alilolipata lilimsogeza mbali na jina la mjinga. Leo neno hilo lamaanisha tu mtu asiyejua au mpumbavu, nalo hutumiwa kila siku na watu wasiojua kwamba liliwahi kuwa daraja katika hesabu ya wanadamu.

Neno mshamba nalo ni la ukoo huohuo. Shamba, katika Unguja ya karne ya 19, halikumaanisha tu ardhi ilimwayo; lilikuwa kinyume cha mji. Mjini walikaa waungwana, shambani walikaa watumwa na wenyeji wa vijijini. Kutoka katika mgawanyiko huo lilizaliwa tusi lienealo Afrika Mashariki nzima, na Kenya pengine zaidi: mshamba, na ushamba wake. Kijana wa Nairobi amwitaye mwenzake mshamba kwa sababu ya viatu vyake anaendeleza, bila kukusudia, dharau ya mtu wa mjini kwa mtu wa mikarafuu. Wapo waliodai kwamba neno shamba lenyewe limetoka katika Kifaransa, champ, likiletwa pamoja na mikarafuu kutoka visiwa vya Wafaransa. Hoja hiyo yavutia kwa kuwa njia ya mti na njia ya neno zafanana, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya neno, na kwa madhumuni ya makala haya haina uzito. Neno lilitoka popote lilipotoka. Maana yake ya dharau ilitungwa Unguja.

Kibarua kina historia iliyo wazi zaidi. Ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili apate ujira wake kwacho. Mjini Unguja wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliopelekwa na mabwana wao kutafuta kazi, na sehemu ya ujira ilirudi kwa bwana. Cheti kikampa mtu jina, na jina hilo likasafiri: latumika katika majani chai ya Kericho, katika ujenzi wa Thika, katika bandari ya Mombasa. Neno ngwe, kwa upande wake, lilikuwa kamba ya kupimia na kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba hiyo. Katika mashamba ya nafaka ya Malindi, yaliyostawi tangu miaka ya 1860 kwa mtama na ufuta, ngwe ndiyo iliyokuwa kipimo cha kazi aliyopaswa mtumwa kuimaliza. Aliyeshindwa kuvumilia aliitwa mtoro pindi alipoondoka, na watoro wa mashamba hayo walijenga makao yao huko Fuladoyo, nyuma ya pwani. Leo mtoro ni mwanafunzi asiyehudhuria masomo.

Swali lililo gumu kuliko yote ni la shikamoo. Waandishi wa kamusi wa karne ya 19 waliyaandika kuwa maamkizi ya mtumwa au mdogo kwa mkubwa wake, kwa maana ya kushika miguu. Kwa ajili hiyo wamekuwapo watu waliotaka yaachwe, wakisema kwamba si haki mtoto huru aendelee kujishusha kwa maneno ya mtumwa. Hoja hii yaeleweka, lakini haishawishi. Maana ya neno hutokana na watumiaji wake, na watumiaji wa leo, Tanzania nzima na sehemu kubwa ya Kenya, wameyageuza maamkizi hayo kuwa adabu ya umri isiyouliza nani ni bwana na nani si bwana. Mtoto wa waziri humwamkia mzee afagiaye njia, na mzee huitikia marahaba. Kama kuna kisa cha lugha ya watu walioonewa kugeuzwa na kuwa mali ya wote, ni hiki. Lisilofaa ni kuyafundisha shuleni kana kwamba hayakuwa na historia.

Jambo hili lagusa mzozo wa zamani kati ya wataalamu wa Kenya. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki, maana lahaja za kaskazini zilikwisha kuandikwa na kutungiwa tenzi kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka wa 1728. Sababu zinazotolewa kwa uteuzi wa Kiunguja ni mbili: kwamba kilienea bara pamoja na misafara, na kwamba kilikwisha kuandikiwa vitabu na misheni. Sababu zote mbili, zikichunguzwa, zarudi shambani. Misafara ilibebwa kwa kiasi kikubwa na watu wa asili ya bara waliojifunza lugha Unguja na Mrima. Na misheni? Edward Steere alifika Unguja mwaka wa 1864, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka wa 1870. Wanafunzi wa misheni yake walikuwa watoto waliookolewa majahazini, wa makabila ya bara, waliofundishwa Kiungani. Na shamba la Mbweni, lililonunuliwa na misheni mwaka wa 1871, lilikuwa makao ya watu walioachwa huru. Hao ndio waliosoma tafsiri zake kwanza na ndio waliozibeba hadi bara.

Haina maana kwamba Kiswahili kiliumbwa na watumwa. Dai hilo limewahi kutumiwa na maadui wa lugha hii ili kuidharau, nalo ni la uongo kwa ushahidi wa tenzi zilizotajwa. Lakini kumekuwako pia uoga wa upande wa pili, ule wa watetezi wa lugha, waliofanya haraka kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya waungwana, washairi na wanazuoni peke yao. Uoga huo ndio umewafungia mlango nokoa na kadamu. Lugha yaweza kuwa na washairi wa Pate na wachumaji wa Kizimbani katika ukoo mmoja bila ya aibu yoyote.

Baada ya tufani ya Aprili 1872 kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Pemba, ambayo kwa kiasi kikubwa ilinusurika. Mwaka uliofuata soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja na Pemba mwezi wa Aprili 1897, lakini kwa namna iliyomlinda zaidi bwana kuliko mtumwa: bwana aliahidiwa fidia, na mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na akishaupata aonyeshe kwamba ana makao na riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka wa 1909. Wengi walibaki palepale, wakalima vipande vyao na kumpa mwenye shamba siku za kazi. Kwenye pwani ya Kenya mambo yalichelewa hadi 1907. Mapinduzi ya 1964 ndiyo yaliyobadili umiliki: ardhi ikawa ya serikali, na mashamba yakagawiwa kwa vipande vya eka tatu. Eka tatu nalo ni neno la historia, na baadhi ya bustani za viungo wanakotembezwa wageni leo zimo katika vipande hivyo.

Fasihi imewatangulia wanahistoria katika jambo hili. Adam Shafi Adam, katika Kasri ya Mwinyi Fuad iliyotoka mwaka wa 1978, alimpa mtumishi wa kasri jina la Kijakazi. Jina hilo si jina la mtu; ni cheo cha mtumwa wa kike aliye mdogo, na kubandikwa kwake kwa mwanamke mzee katikati ya karne ya 20 kwaeleza mambo ambayo sura nzima ya historia ingehitajika kuyaeleza. Majina mengine ya watumwa yalikuwa ya namna nyingine: Almasi, Feruzi, Marjani, Mabruki, Farahani. Ni majina ya vito na ya furaha, waliyopewa watu walionunuliwa kama vito. Yangali yanasikika kama majina ya baba na ya babu, na mwenye nalo hana lazima ya kueleza lilikotoka.

Mambo mawili, basi, yapaswa kufanywa na idara za Kiswahili kuhusu Kizimbani na mashamba mengine ya jinsi yake. La kwanza ni la kamusi. Maneno kama nokoa, kadamu, mzalia na ngwe yasiachwe kwa kuwa kazi zake zimekwisha. Yaandikwe pamoja na maana yake ya shambani na kipindi chake, na maneno yaliyobadilika, kama mjinga, mshamba, kibarua na mtoro, yapewe maana ya kale kabla ya maana ya leo. Kamusi isiyofanya hivyo yamfanya msomaji aamini kwamba maneno yameota yenyewe. La pili ni la ziara zenyewe. Wenyeji wanaowatembeza wageni wana lugha nzuri na kumbukumbu nzuri, na mti wa kwanza wauonyeshao ni mkarafuu. Hapo chini ya mkarafuu, kabla ya kwenda kwenye hamamu, pana nafasi ya kusema kwamba safu hii ilipaliliwa chini ya jicho la kadamu, kwamba kadamu aliitikia kwa nokoa na nokoa kwa msimamizi, na kwamba yule aliyekuwa chini yao wote alifika hapa akiitwa mjinga, akajifunza lugha, na ni lugha hiyo anayotembezwa nayo mgeni.